Miaka Saba ya Kushika Randa

Kwa karibu miaka minne niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba mzee wa Kizungu wa ghorofa ya tisa katika jengo letu huku ughaibuni, pale Crescent Town, Ontario, alikuwa mpelelezi wa Malkia, na kwamba kazi yake ilikuwa kuwasaka mafundi ambao hawakufundishwa kazi yao kwa miaka saba kamili. Akimnasa mmoja, fundi anapigwa faini, na nusu ya faini anapewa mzee. Ushahidi ulikuwepo. Mzee alikuwa na daftari dogo la kijani, na kila asubuhi alisimama karibu na lifti akiandika.

Mimi ni seremala. Ufundi niliupata Tanga, kwa njia ambayo kila fundi ninayemjua aliupata: unajisogeza kwenye karakana ya mtu, unashika ubao upande wa pili, unafokewa, siku moja unaachiwa randa. Cheti hakuna. Cheti ni kitanda ulichotengeneza, kama hakilii. Nilipoihesabu miaka yangu nilipata minne na nusu, pamoja na ile miezi niliyolala na malaria.

Habari za mpelelezi nililetewa na jirani wa mlango wa pili, dereva wa teksi kutoka Nakuru. Alinikuta kwenye lifti na mbao mbili begani.

“Buda, unataka kushtakiwa?”

“Kwa kosa gani?”

“Ulikaa kwa fundi wako miaka mingapi?”

“Minne na nusu.”

“Basi umekwisha. Sheria ya Waingereza inataka saba. Nimeisoma mwenyewe, masomo ya jioni. Mtu yeyote anakushtaki, hata jirani, hata yule mzee wa daftari, na anapewa nusu ya faini. Na hapa noti zina picha ya nani? Si Malkia? Sheria ni ileile.”

Hoja ya noti ndiyo iliyonimaliza. Tangu siku hiyo mbao zilipanda nyumbani zikiwa zimeviringishwa ndani ya zulia, na zulia hilo lilipanda na kushuka mpaka majirani wakadhani tunahama kila Jumamosi. Randa niliipiga ndani ya bafu, pazia limefungwa, maji yanamwagika kwa nguvu. Ziwa Ontario lilipungua kina miaka hiyo, na ninajua sababu. Mchana nilifungasha maboksi ghalani, kazi ambayo haikuhitaji hata dakika saba za kufundishwa.

Mke wangu hakuamini hata neno. Alimwendea mzee akamuuliza.

“Anaandika siku lifti inapoharibika,” aliniambia. “Anawapelekea wenye jengo malalamiko.”

“Ndivyo wapelelezi wote wanavyosema.”

“Mwanamume mzima anamkimbia mzee wa mkongojo.”

Mambo yakawa magumu pale mama mmoja wa Kiismailia, mzaliwa wa Dar es Salaam, alipoliona kabati nililowatengenezea watu wa mtaa wa North York. Alikuwa na karakana ya samani, na seremala wake wa miaka mingi alikuwa anastaafu. Alipanda mwenyewe mpaka kwetu, akavua viatu mlangoni, akapapasa rafu zetu kwa kidole kama mtu anayekagua vumbi.

“Kumbe fundi ni wewe. Kwa nini unajificha, mwanangu?”

“Sijifichi, mama. Najishughulisha tu nikiwa na nafasi.”

“Kabati lile siyo la kujishughulisha. Milango inafunga bila sauti. Njoo kwangu.”

Nilimwambia mgongo unaniuma. Mke wangu alikohoa jikoni. Ukweli ni kwamba niliogopa zaidi kwa ajili ya mama kuliko kwa ajili yangu: wakinikuta kwenye benchi lake, benchi ambalo baadaye nililizoea kuliko kitanda changu, watamfungia karakana yote.

“Mgongo nautibu kwa tangawizi,” alisema. “Nakungoja mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo namchukua mtu mwingine, na wewe utabaki na maboksi yako.”

Wakati huo na mimi nilikuwa nasoma jioni, kwa sababu vyeti vyangu vya sekondari havikutambuliwa. Somo la historia nililichagua ili nimjue adui. Mwalimu alitutaka kila mmoja aeleze mbele ya darasa jambo moja la Uingereza ya kale, akanipa kurasa za kesi za mahakamani. Nilizisoma kama barua iliyoandikwa kwangu. Mfumaji alishtakiwa kwa kufuma, mwoka mikate kwa kuoka. Hakuna aliyesema mkate ulikuwa mbaya. Kosa lilikuwa kwamba mwokaji hakumtumikia bwana fulani miaka saba. Walioshtaki mara nyingi walikuwa wenzao wa kazi hiyohiyo, au watu waliofanya kushtaki kuwa ndiyo kazi yao. Wengine walimalizana nje ya mahakama, na ninavyoelewa mimi, hapo ndipo mshtaki alipokula vizuri.

Siku yangu ilikuwa wiki ya mwisho wa mwezi. Nilisimama nikaeleza yote, pamoja na zulia, bafu, mzee wa daftari na yule mama anayengoja jibu. Nikamalizia kwa kuwaonya wenzangu. Mwanafunzi mwenzangu, mpishi kutoka Jaffna, aliacha kutafuna.

Mwalimu, mama wa makamo aliyezoea kupangusa miwani kwa ncha ya sweta, hakucheka.

“Nani alikwambia sheria hiyo bado inafanya kazi?”

“Jirani yangu. Aliisoma hapahapa, kwako.”

“Dereva wa teksi?”

“Ndiye.”

“Aliacha darasa wiki ya sita,” alisema. “Habari za kufutwa kwa sheria hiyo tunazifundisha wiki ya saba. Ilifutwa hukohuko Uingereza, karibu miaka mia mbili iliyopita. Hapa fundi umeme anahitaji leseni, fundi bomba pia. Anayetengeneza makabati hahitaji. Mpigie simu yule mama.”