Mama Mkwe Alisema Yeye Ndiye Aliyekataa Mkanda

Admin, ficha jina langu tafadhali, maana ndugu wa mume wangu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa hapa Biryogo, Kigali, na tunaishi na mama mkwe.

Miezi minne iliyopita nilimsindikiza mama Dubai kumwona wifi yangu aliyejifungua. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya ndege. Wakati wa kurudi alitoka msalani, akakaa, na papo hapo taa ya mkanda ikawaka. Vidole vyake vimekakamaa, ule mkanda haumudu. Akanigusa, "Mwanangu, nifunge." Mimi nilikuwa naangalia filamu, imefika patamu. Nikamjibu bila hata kumtazama, "Subiri kidogo, mama." Akanigusa tena. Nikasonya. Jamani, nilimsonya mama wa watu.

Ndege ikashuka ghafla kama imeachiwa. Watu wakapiga mayowe, vikombe vikaruka. Mimi mkanda ulinishika. Mama alirushwa juu, akagonga dari kwa kichwa, akaangukia bega kwenye mkono wa kiti. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Tulipotua, mume wangu alimkuta mama kwenye kiti cha magurudumu. Akaniuliza, "Imekuwaje?" Mdomo ukanitangulia: "Nilimwambia afunge mkanda, akakataa."

Mama alikuwa anasikia. Akanitazama, kisha akamwambia mwanawe, "Ni kweli. Nilikuwa mbishi."

Mpaka leo mkono wake wa kulia haunyanyuki. Mimi ndiye namwogesha na kumfunga mtandio. Wageni wakija kumjulia hali, mume wangu anawaambia, "Huyu mukecuru wetu, bibi kizee huyu, na ubishi wake!" Wanacheka, na mama anacheka nao. Mimi wananisifu, eti mkwe kama huyu hapatikani. Natamani ardhi inimeze.

Ijumaa iliyopita nilipiga magoti nikamwambia, "Mama, leo namwambia mwanao ukweli." Akanikamata kwa ule mkono mzima. "Usithubutu. Namjua mwanangu, atakurudisha kwenu. Mimi nilikusamehe tukiwa bado hewani."

Nikinyamaza, anaendelea kuchekwa kwa kosa langu. Nikisema, nimemvunjia neno lake, na ndoa yangu labda ndiyo basi. Nitukaneni mkitaka, nastahili, ila mniambie: nimtii mama, au niseme?