Ruhusa ya Kutoa Vyeti

Trinah Mukandekezi hakupendwa ofisini, na tusimsingizie upole. Alikulia Karagwe, akarudi Kigali na ulimi usiosamehe mtu. Kampuni yao ya pale Remera hutunza mafaili ya wagonjwa wa kliniki, na yeye alilinda vyeti vya mtandaoni, vile vinavyoihakikishia kompyuta ya daktari kwamba tovuti anayoifungua si ya tapeli. Huduma hiyo ya vyeti huja na ruhusa zilizokwisha kupangwa. Trinah alizikataa, akatunga zake: huyu aone tu, yule ahuishe, na kutoa cheti kipya kusiwe kwa kila mtu, hata kwake mwenyewe. Bruce, mwenzake wa miaka mitano, alibakiziwa kuona tu. Mwezi huohuo akanaswa akiuza siri za wagonjwa, akafukuzwa.

Jumamosi ya umuganda kila mtu hutoka kufanya kazi ya mtaa hadi saa tano. Trinah alikuwa na cheti kinachokaribia kwisha muda, basi akajifungia ofisini. Mlinzi alikuwa mtaroni na jembe lake. Bruce aliyajua hayo yote.

Ngumi ya kwanza ilimvunja Trinah pua.

"Nipe ruhusa ya kutoa cheti!"

"Mwenyewe sina, mwizi we."

"Lakini uko na uwezo wa kugeuza ruhusa. Jipe, kisha unipe."

Bruce alisema kweli. Akaushika mkono wa kushoto wa Trinah, akatia kidole kwenye droo, akaisukuma kwa goti. Mfupa ulilia. Trinah alipiga ukelele uliojaza jengo zima, wala hapakuwa na wa kusikia.

Akafungua huduma ile kwa mkono mzima, damu ikidondoka juu ya vibonye. Kwa cheti kipya Bruce angefungua tovuti ya uongo, na madaktari wangemwachia siri zote wasijue. Aliwafikiria wanawake waliowaficha hata waume zao majibu ya vipimo. Hasira ikampanda kuliko maumivu. Badala ya kujiongezea ruhusa, akajiondolea ule uwezo wa kuzigeuza, akahifadhi.

"Sasa niue," alisema. "Mwenye uwezo huo amebaki bosi Gakwaya peke yake, na yuko kwenye umuganda Ndera na watu mia wenye majembe. Nenda kamvunje yeye."

Bruce alisoma kioo cha kompyuta mara mbili. Kisha akainua kiti kingine.

Mlinzi aliporudi alimkuta Bruce bado anampiga nacho. Alimvunja mkono kwa mpini wa jembe, na majirani wakamlalia hadi polisi walipofika.

Hospitalini walimtoa Trinah jicho la kushoto. Gakwaya, bosi wake, alikaa kando ya kitanda akilia.

"Ungempa tu, mwanangu. Akishatoka, tungekibatilisha hicho cheti kabla hajafika nacho popote."

Kubatilisha ni kazi ya dakika moja, na hakuna aliyeijua kazi hiyo kuliko Trinah. Pale kitini haikumjia akilini hata kidogo. Hasira hasara. Alimgeuzia Gakwaya kisogo, akalia kwa jicho lililobaki.