Bahari Niliyoikoroga kwenye Sufuria

Barua ya chuo iliponifikia nyumbani Sapiwi, ikisema nimechaguliwa kusomea sayansi ya bahari, baba alinisikiliza nikiisoma kisha akatikisa kichwa.

"Bahari ni ya watu wa pwani. Sisi ni watu wa ng'ombe. Hujaiona hata siku moja, utaisomaje?"

Bila ridhaa yake nisingeondoka. Wengine wangelia, mimi nilipandwa na hasira.

"Baba, kiangazi unawapeleka wapi ng'ombe?"

"Si mtoni, wakalambe udongo wa chumvi?"

"Na mvua ikija, chumvi ile inakwenda wapi?"

"Ziwani."

"Mbona maji ya ziwa pale Nassa hayana chumvi?"

Nikamweleza kwamba ziwa letu lina mlango: maji hutoka kupitia Mto Nile, na chumvi huondoka nayo mpaka baharini. Bahari haina pa kutokea. Jua hunyanyua maji, chumvi inabaki, miaka nenda miaka rudi.

Nikachukua lita moja ya maji kwenye sufuria, nikakoroga vijiko viwili vikubwa vya chumvi, kiasi kilichomo katika lita moja ya maji ya bahari. Baba akaonja, akatema. Halafu akafanya jambo ambalo mfugaji pekee angelifanya: akaipeleka sufuria kwa ng'ombe wake mzee, anayemwamini kuliko sisi wote. Ng'ombe akalamba, akarudia. Baba akamnyang'anya haraka, maana chumvi nyingi namna ile ingemdhuru.

"Na huko baharini nyasi ni zipi?" aliuliza.

"Vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinaelea juu, kwenye jua. Vijidudu vinavila, na samaki wanavila hivyo vijidudu."

"Kumbe ni malisho," alisema. "Basi nenda."

Kabla jua halijazama alishawatangazia majirani kwamba binti yake anakwenda kuchunga samaki. Sikumsahihisha, kwa jinsi nilivyokuwa na furaha.

Siku chuo kilipotupeleka ufukweni mara ya kwanza, wenzangu walipiga picha. Mimi nilichota maji kwa kiganja, nikaonja, nikampigia baba simu.

"Mwadila, baba," nilimsalimia kwa Kisukuma, maana bila salamu hasikilizi neno.

Akaitikia, kisha akauliza, "Umeilamba?"

"Nimeilamba."

"Ni ileile?"

"Ni ileile, baba."

Nikamsikia akigeuka kuwaambia waliokuwa naye, kwa sauti ya kujigamba: "Bahari! Ameipata huko huko. Ila mimi nilitangulia kuionja, hapa hapa nyumbani, na aliyeitengeneza ni yeye."