Rangi Nyeusi ya Gari la Baba

Juzi hapa Gitega nilimkuta jirani akipaka rangi bampa ya gari lake, na ile harufu ya rangi na petroli ikanirudisha Muyinga, uani kwetu, mchana ule baba alipokuwa ameliinamia gari letu kuukuu.

Tulikuwa tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi huko Tanzania, mimi na yeye tu. Mama alibaki kambini, mgonjwa, nami niliambiwa atatufuata. Malori yalikuwa yakileta watu kutoka mpakani Kobero kila mara, basi nikawa nangoja zamu yake.

Baba alisugua kwa msasa zile plastiki za milangoni zilizopauka kama majivu, akabandika magazeti pembeni, kisha akapaka nyeusi, taratibu. Jikoni pombe ya mtama ilikuwa ikichacha. Nikajua tu: kesho mama anakuja.

"Baba, mama atalipenda?"

Brashi ikasimama. "Atalipenda," akasema, bila kugeuka.

Shangazi akaniita kutoka mlangoni. "We mwana, wacha baba yako, iko na kazi."

Leo najua pombe ile ilikuwa ya kuganduka, siku ya kuondoa matanga ya mama. Kesho yake ua ulijaa wageni. Baba mkubwa akasimama, akatangaza kwamba msiba umekwisha, sasa tunaweza kucheka. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa kando ya gari, natazama njiani, naogopa hata kuegemea mlango, rangi isije ikafutika kabla mama hajaiona.