Mwalimu wa Marekani wa Nyamwaga

Nilikwama kidato cha sita kwa sababu ya Marekani, na sisemi kwa mzaha. Masomo mengine yalinipitisha, lakini historia ilikuwa na karatasi nzima ya Marekani. Mwalimu wetu wa karatasi hiyo, kijana wa Kizungu aliyekuja kujitolea, alirudi kwao katikati ya mwaka akatuachia ubaoni ramani ya makoloni ambayo hakuna aliyethubutu kuifuta. Tuliingia kwenye mtihani tukijua mwanzo wa hadithi tu. Wenzangu waliokuwa na masomo ya kuwabeba walikwenda mbele, nami nikarudi Itiryo na sanduku langu la bati.

Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kaka yangu, niliyemfuata kuzaliwa, alikuwa amekwisha kuchumbia, na kwetu kaka huoa kwa ng'ombe wa dada yake. Kila boma linajua ng'ombe wa binti yupi watamwozesha mvulana yupi. Kaka alikuwa wangu, au tuseme mimi nilikuwa wake, na miaka yote niliyokaa bweni yeye alikaa akiningoja.

"Mtihani mmoja," baba aliniambia kabla sijakaa. "Ukifaulu nenda huko chuo kikuu chako, kaka yako atavumilia. Ukikwama, usinisumbue tena."

Kaka alikuwa mlangoni akichonga fimbo. Aliniangalia jinsi mtu anavyomwangalia ng'ombe aliyenasa kwenye tope, maana hasira yake huwa si kwa tope.

Kujiandikisha kurudia mtihani hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kumpata wa kunifundisha. Nilikwenda kwanza kwa mwalimu mmoja wa sekondari mjini Tarime. Alinisikiliza akiwa amevaa suruali ya bugaluu pana kuliko sketi yangu, kisha akaniuliza kama sioni aibu, nchi inajenga ujamaa na mimi nazunguka mitaani natafuta habari za mabepari. Nikamwambia mtihani ndio unaozitafuta, si mimi. Akasema basi nimwulize mtihani.

Nikaenda misheni. Padri alikuwa Mmarekani hasa, wa kuzaliwa na kukulia huko, na njia nzima nilijilaumu kwa kutomfikiria mapema. Penye miti hapana wajenzi. Padri alicheka mpaka akavua miwani. Alikulia kwenye shamba la mahindi, akaingia seminari akiwa mtoto, na mapapa wa Roma aliwajua kuliko marais wa kwao. Alinipa biskuti na kalenda ya zamani yenye picha za milima. Nilizila zile biskuti njiani kwa hasira, zote.

Aliyenitoa gizani ni shangazi, dada yake baba, aliyeolewa Nyamwaga. "Kwetu yupo mtu aliyelala Marekani miaka," alisema. "Ila ulimi wake, mwanangu, ujiandae."

Mtu huyo alikwenda kusoma huko wakati wa uhuru, akarudi na suti na digrii, akapewa ofisi kubwa, akaipoteza kwa mdomo. Nilipomkuta alikuwa analima kahawa na migomba kama mtu yeyote. Operesheni ya vijiji ilikuwa imemshusha kutoka boma lake la mlimani, ikamweka kwenye mstari wa nyumba zilizopigwa namba za chokaa milangoni. Watu walimpa shikamoo upesi ili wapite upesi. Aliishi na mkewe na watoto wake, na mkubwa wao alikuwa kijana mpole aliyeishia darasa la saba na kuuza katika duka la ushirika la kijiji.

Alinipokea barazani, hakunikaribisha kukaa. "Kwa nini makoloni yaliasi?"

"Kwa sababu ya kodi ya chai, mwalimu."

"Nani kakwambia?"

"Kitabu."

"Basi kaolewe na kitabu."

Nilirudi kesho yake. Na kesho kutwa. Mwishowe akanionyesha benchi, na sidhani ni kwa huruma. Nadhani kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa amemwuliza habari za Marekani ila kwa kumdhihaki, na mtu huchoka kunyamaza na kitu anachokijua. Nikahamia kwa shangazi. Asubuhi nilikwenda shamba la kijiji kama wengine, na mchana, watu wakiwa wanapumzika, nilikuwa kwenye lile benchi nikitukanwa.

Alitukana vizuri. Aliniita mjinga wa kujitolea. Nikijibu nusu, alinyoosha fimbo ya mpera kuelekea Itiryo na kuniuliza kama nasikia ng'ombe wa baba wakiniita. Mkewe alikuwa akileta uji, anauweka, anaondoka bila kunitazama, kama mtu aliyepita penye kichapo cha mtoto wa jirani. Lakini alifundisha, huyo mzee. Sijapata kusikia tena mtu anayefundisha hivyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe alinieleza bila kufungua ukurasa. Alisema kusini walikuwa na mali inayotembea kwa miguu miwili, na mwenye mali ya namna hiyo hulala macho wazi maana ina akili ya kukimbia. Alieleza jinsi binti alivyopandishwa mnadani, meno yakakaguliwa, mama yake akiwa amesimama palepale. Alifuta uso kwa mkono, akanitukana kwa kutoandika.

Balozi wa nyumba kumi alikuja siku moja kuuliza kwa nini historia ya mabeberu inafundishwa hadharani. Mwalimu akamjibu, "Namfundisha adui alivyo. Wewe unamjua adui?" Balozi akasema anamjua. "Mji wake mkuu ni upi?" Balozi akakumbuka ana kikao.

Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nitafaulu. Nalisema hili wazi maana ndilo lililoniponza: nilikuwa na furaha, na furaha ilinifanya nisiangalie pembeni.

Baba alikuja Nyamwaga kuona maendeleo. Wazee wawili wakakaa kwenye chungu cha pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake, na mwalimu, ambaye hakuwahi kunisifu hata kwa kukohoa, alinisifu. Alisema binti mwenye kichwa cha namna hii ni hasara kumwachia boma la mbali. Akasema ana kijana. Akasema ana ng'ombe. Kufikia jua kuegemea, walikuwa wameshaelewana, na baba akaniita akiwa anang'aa uso mzima.

"Ulitafuta mwalimu," alisema. "Mimi nimekupa mwalimu wa kudumu. Utaishi kwake, utasoma kwake, mtihani utaufanya, na kaka yako ataoa. Nani tena amekosa?"

Hakuna aliyekosa. Shangazi alipiga vigelegele. Kaka alikuja mwenyewe kunishukuru, na ndiyo mara pekee aliyopata kunishukuru. Mimi nilimfuata mwalimu penye kahawa yake, nikamwuliza uso kwa uso: "Tutaendelea kusoma, mwalimu?"

"Kwa nini tusiendelee?" alisema. "Utakuwa hapa hapa nyumbani."

Mpaka leo sijui kama alidanganya, au alisahau kwamba yeye ni Mkurya.

Ng'ombe walipelekwa Itiryo. Nikaolewa. Sherehe zilipoisha, mchana wa kwanza wenye utulivu nilichukua kitabu changu nikaenda barazani kama siku zote. Aliponiona aliinuka, akashusha kofia mpaka puani, akatokea upande wa pili na kupotelea migombani. Nilibaki nimesimama. Mama mkwe akaja mbio, mikono ina unga.

"Mwanangu, unataka kutuletea mkosi? Mkwe na baba mkwe hawakai baraza moja. Hata maji unaweka chini, anaokota mwenyewe. Hukufundwa kwenu?"

"Nilifundwa, mama. Lakini yeye ndiye niliyeolewa kwa ajili yake."

Alinifumba mdomo kwa mkono wake wa unga. "Usirudie kusema hivyo. Watu watasikia vibaya."

Nilikwenda kwa shangazi. Nikamwuliza kama alijua. Akashangaa kuulizwa. "Kila mtu anajua, mtoto wangu. Sisi tulidhani ninyi wasomi mmeshapanga namna yenu ya Kizungu." Baba naye, nilipomtumia salamu, alijibu kwamba alidhani mwalimu kazoea mambo ya huko. Wote walijua mwiko, na kila mmoja alimwachia mwenzake kuukumbuka. Nililia, kisha nikaacha. Dua la kuku halimpati mwewe.

Na mtu yule alikuwa amelala Marekani miaka. Alinifundisha watu waliomwaga chai ya mfalme baharini. Alijua kila mwiko uliovunjwa na kila mwanadamu aliyeuvunja, na mwiko mmoja wa kukaa benchi moja na mke wa mwanawe ulimshinda. Kama angekuwa mzee asiyejua kusoma nisingemchukia.

Nilimsumbua mama mkwe mpaka njia ikapatikana. Baba mkwe angemfundisha mwanawe barazani, kwa sauti, nami ningekuwa nyuma ya ukuta wa jiko na kinu changu. Mume wangu, maskini, alikubali. Alikuwa mtu wa sukari na mafuta ya taa, akawekwa kwenye lile benchi kusomeshwa habari za pamba na reli. Aliitwa majina ambayo mimi sikuwahi kuitwa. Nilitwanga polepole ili nisikie, na siku chache hizo zilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea.

"Watumwa walipoachwa huru," baba mkwe alinguruma mchana mmoja, "walipewa nini?"

"Walipewa uhuru, tata."

"Uhuru unaliwa?"

Nilisikia benchi likilia.

"Nakuuliza wewe gogo, uhuru unaliwa? Walipewa nini cha kuanzia maisha?"

Mume wangu alikuwa akipumua kama aliyebeba gunia. Nilisikia fimbo ikishuka begani kwake, mara moja, kisha tena. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Hawakupewa kitu," nikasema. "Ardhi ilibaki kwa waliowamiliki."

Vinu vya majirani vilinyamaza. Mkwe amemjibu baba mkwe, tena kwa sauti, tena kwa kumsahihishia mtoto wake. Wazee wakakaa kikao. Mbuzi akachinjwa kunisafisha mdomo, na masomo ya ukutani yakafa siku hiyo. Jioni mama mkwe aliniletea maneno kutoka kwa baba mkwe: "Anasema jibu lako lilikuwa sahihi." Bega la mume wangu lilikuwa limevimba, na aliona ni mimi niliyempiga.

Yaliyobaki niliyasoma peke yangu, jikoni, kitabu kwenye mafiga baridi. Baba mkwe hakunizuia kwenda Musoma kwenye mtihani. Alimtuma mume wangu anisindikize, na alimweleza kila aliyepita barazani kwamba mwanafunzi wake anafanya karatasi ya Marekani. Nilifaulu. Nilipata prinsipo, alama ya kumwingiza mtu chuo kikuu, na si ya kuokota. Ofisi ya elimu ikatuma habari kwamba nafasi yangu chuo kikuu ipo.

Nikaenda Itiryo kwa baba kumkumbusha neno lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole ambao sikuupenda. "Neno langu lilikuwa kwa binti yangu," alisema. "Wewe sasa ni mtu wa Nyamwaga. Kama unataka kuondoka kwao, warudishiwe ng'ombe wao."

"Ng'ombe wako wapi?"

Alinyoosha mdomo kuelekea kwa kaka. Ng'ombe walikuwa wameshakwenda kwa wakwe wa kaka, na mke wa kaka alikuwa pale uani anaanika mtama, tumbo limemtangulia. Kaka hakuinua sauti. "Unataka nimrudishe kwao na mimba," aliniuliza, "ili wewe ukasome habari za Wamarekani?"

Namchukia kwa hilo mpaka leo, kwamba aliuliza swali lisilo na jibu na mkewe anasikia.

Lilibaki boma lenyewe la Nyamwaga. Mume wangu, na nampa haki yake, alikwenda kwa baba yake kuniombea. Wangeweza kuniruhusu tu, bila ng'ombe kurudi popote. Jibu lilikuja kwa njia ya mama mkwe, nikiwa nimepiga magoti nikisonga ugali. "Anasema amefurahi sana umefaulu," alisema. "Anasema pia kahawa imeiva, uanze na ule mstari wa chini."

Nilichuma kahawa. Nafasi yangu ilikwenda kwa mtu mwingine, ambaye sina ubaya naye.

Lakini habari za kufaulu kwangu zilitembea. Watu walisema yupo mzee Nyamwaga, mkali kama pilipili, lakini hata mkwe wake wa jikoni amefaulu Marekani. Msimu uliofuata alikuja binti kutoka Morotonga, mbali kule Serengeti, amefikia kwa ndugu zake hapo kijijini, daftari kifuani. Nilikuwa nafagia uwanja nilipomsikia akiulizwa kwa nini makoloni yaliasi, na alipotukanwa nikamwona anarudi njiani akijifuta macho. Kesho yake alirudi. Siku chache baadaye alikuwa amekaa kwenye benchi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye zamani hakuwa akionekana nyumbani mchana, alianza kuchonga mipini karibu na baraza.

Nilimngoja yule binti penye kisima. Nikamshika mkono, nikamwambia yote, ya ng'ombe, ya baraza, ya kinu, ya mbuzi, nikamwonyesha na shemeji. Nikamwambia afunge mzigo wake aondoke kabla baba yake hajaja kumtembelea.

Alinisikiliza kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Kisha akautoa mkono wake taratibu.

"Baba amekwishakuja, dada," alisema. "Wako kwenye chungu."