Siku Kikaguzi cha Kompyuta Kilipolowesha Kakao

Niwaambie aibu yangu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana wanaitia chumvi: mimi, na cheti changu cha kidato cha nne, ndiye niliyelowesha kakao za watu Bujonde, na sikushika hata kopo la maji, nilishika kompyuta.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wameanza kuingia na malori yao, na chama chetu cha wakulima kimechoka na ubishi wa mizani, basi nikakiandikia programu (nilijifunza kwa vitabu, nimejifungia chumbani, mke wangu akidhani naumwa): unaingiza jina, unaingiza kilo, stakabadhi inachapwa. Tatizo, programu yangu ilikuwa ikiazima nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta na hairudishi, kama wale wanaoazima masinia ya harusi, mwisho mashine inaganda. Nilikuwa na kikaguzi, yaani programu nyingine ya kuikamata yangu inapofanya uhuni huo, na mjomba wangu anayefanya biashara Karonga akaniletea toleo jipya la kikaguzi hicho kwenye sidii. Jamani! La zamani lilitoa maandishi tu. Hili lilichora vijumba vya kijani na vyekundu vinavyochezacheza kwenye kioo. Likanionyesha kosa, nikalirekebisha, kazi ikaisha.

Sasa, kikaguzi huifuata programu kila inakokanyaga kama mama mkwe mgeni nyumbani, kila kitu kinakwenda polepole, kwa hiyo siku ya kazi unakiondoa. Mimi nikakiacha. Kisa? Vile vijumba vilipendeza, na mnunuzi alikuwa anatoka mjini, nilitaka avione.

Akaviona. Mtu wa kwanza akapima, tukasubiri stakabadhi, tukasubiri, mnunuzi akavuta sigara ikaisha. Ghala letu ni dogo, magunia yamepangwa uwanjani mpaka barabarani.

"Fundi, imelala?" akauliza mwenyekiti.

"Hapana, Mwenyekiti, inajikagua."

"Sisi wote tumeoga nyumbani, yenyewe ndiyo inaoga hapa?"

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoniponza, kwa sababu ili nikiondoe ningelazimika kuzima kila kitu na kuanza upya mbele ya macho yao, nikaona bora nijifanye natafakari. Jirani yangu, Mama Anyelwisye, alikuwa mkiani kabisa na magunia yake mawili (ada ya shule ya mwanawe ilikuwa humo), ananyoosha kidole milimani.

"Gwe, wewe! Lile wingu, mashine yako inaliona?"

"Dakika moja tu, mama."

Mnaijua mvua ya Kyela, haibishi hodi. Wakati natafuta pa kukizimia, turubai moja linagombewa na watu ishirini, kakao iliyogeuzwa juani wiki nzima ikawa inatoa mchuzi. Mnunuzi akafungua gunia la Mama Anyelwisye, akatia mkono, akatikisa kichwa, lori likaondoka nusu tupu.

Tangu hapo, kabla sijatoka nyumbani na programu yoyote, naitazama kwanza ikienda peke yake, bila mapambo. Ila kesho yake jua lilipotoka nilikwenda kwa Mama Anyelwisye, kichwa chini, nikamkuta anatandaza kakao upya kwenye mkeka, nikainama nimsaidie kugeuza. Akanipiga mkono.

"Toka hapo! Ukizishika wewe, utaanza kuzikagua moja moja, mvua inikute tena."