Mhakiki anasema wanawake wa riwaya ya dada yangu wangekimbia mara moja

Wakuu, salamu kutoka mji wa Butembo, Kongo, komini ya Vulamba. Haya yametukuta sisi wenyewe, chumvi sijaongeza hata punje.

Dada yangu Kavira ametoa riwaya ya fantasia. Kuna msitu unaomeza watu. Wanawake wanaingia humo kuvuna maharagwe, na wakitawanyika wanaitana majina. Asipoitika mmoja, wote watupe vikapu wakimbie. Hiyo ndiyo sheria.

Kuna ukurasa ambapo mmoja haitiki, na wenzake hawakimbii. Wanasimama wanamuita tu.

Basi mhakiki mmoja, simtaji, akaichambua mtandaoni. Lugha kaisifu, asante yake. Halafu eti mwandishi kavunja sheria ya dunia yake mwenyewe. Eti mtu mwenye akili harudi kwenye msitu unaomeza watu, na mwenzake asipoitika anakimbia mara moja, kwa hiyo ule ukurasa ufutwe.

Nilikasirika sana.

Sisi ni watu wa Kalunguta, upande wa Beni. Tulikimbilia mjini kwa sababu ya wauaji wa porini. Maharagwe yalibaki kule, na mjini hakuna anayekugawia chakula. Mama akarudi kuvuna na wenzake, wakiitana hivyo hivyo. Akili alikuwa nazo, tena nyingi kuliko za huyo bwana.

Siku hiyo hakuitika.

Nikamwandikia mhakiki yote haya, kwa adabu. Akajibu: "Pole, mais fantasia ni fantasia," hiyo "mais" ndiyo "lakini" yetu ya Kifaransa. Kisha akafunga maoni.

Kilichoniuma zaidi ni Kavira. Aliwasha kompyuta, akasema anaufuta ule ukurasa kwa toleo la pili.

Mama mdogo Masika, mdogo wake mama, alikuwa pembeni anachambua maharagwe. Siku ile alikuwa naye shambani. Akauliza kuna nini, nikamweleza.

"Anasema tungekimbia?"

"Ndiyo, mama mudogo."

"Sheria ilikuwa tukimbie, ni kweli. Mais alikuwa dada yangu. Umuulize huyo mutu: ye angemuita dada yake mara ngapi kabla ya kukimbia?"

Kavira akafunga kompyuta. Ukurasa haujafutwa.

Nilichojifunza ni kwamba kisichowahi kumfika mtu mlangoni, anakiita hakiaminiki. Wasomaji wa vitabu, njooni mniambie kama nakosea, mnipige hata mawe. Ila kwanza mjibuni Masika.